Bolti za Kiti cha Baba

Kiti cha abiria cha pikapu yetu kilikaa sebuleni miaka mingi kuliko kilivyokaa ndani ya gari. Baba alikitoa zamani, tulipohamia Geita, kwa sababu kazi yake ilikuwa kubeba mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, kuyapeleka kwenye makarasha yanakosagwa, na huko machimboni kiti cha abiria ni anasa. Ukikitoa unapata nafasi ya kuongeza viroba vya mawe. Madereva wote walifanya hivyo. Wengine viti vyao viliozea uani, panya wakazaliana humo. Cha kwetu baba alikipandisha juu ya matofali, mama akakishonea kitambaa cha maua, kikawa kiti cha mgeni wa heshima. Mchungaji alikikalia. Mshenga aliyeleta posa yangu alikikalia, akakisifu kuliko alivyonisifu mimi. Mama mwenyewe alikikalia jioni akichambua mchele, na alipotutoka hakuna aliyekigusa tena isipokuwa baba.

Kwa hiyo baba aliposema anataka kirudi ndani ya gari, nilidhani homa imempanda kichwani.

Haikuwa homa. Alikuwa anakufa na alijua. Mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la mawe, vumbi lile jeupe la kwenye makarasha ambalo tulizoea kulipangusa juu ya meza kila asubuhi bila kufikiri kwamba linakwenda kokote kwingine. Daktari alituambia kwa upole, akitazama dirisha, kwamba kama mzee ana hamu ya kwenda mahali basi tusingoje. Na baba alikuwa na hamu moja tu. Alitaka kurudi Kishapu, kwenye nyumba aliyozaliwa, kwa dada yake mdogo, yule shangazi yetu aliyebaki peke yake na ng'ombe wachache na mashamba ya pamba. Alitaka afike akiwa hai, na afike amekaa.

Hilo la kukaa ndilo lililotugombanisha. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ni mchimbaji na ana akili ya haraka haraka kama wachimbaji wote, alisema mambo ni rahisi: tutandike godoro nyuma ya pikapu, tufunge turubai kwa ajili ya jua, mzee alale, safari iende. Mimi nilimuunga mkono. Nani angempinga? Mtu asiyeweza kutembea mpaka chooni bila kupumzika njiani unamkalishaje kiti cha mbele kutwa nzima?

Baba alitusikiliza mpaka tukamaliza. Alikuwa anaongea kidogo kidogo siku zile, neno, pumzi, neno.

“Nyuma nimebeba watu,” alisema. “Nawajua wanaopanda nyuma.”

Tulikuwa tumesahau, au tulijifanya tumesahau. Duara linapobomoka na kuwafukia vijana, baba ndiye aliyekuwa anaitwa. Aliosha pikapu, akatandika majani, akawapeleka kwao: Kahama, Bukombe, Maswa, kokote. Hakukataa hata mara moja, na nafikiri ndiyo sababu watu wa machimbo walimpenda. Machimboni kwetu, mtu anayeondoka amelazwa nyuma ya pikapu hajui kwamba ameondoka. Baba hakutaka majirani wasimame milangoni na kuvua kofia wakati yeye bado anapumua.

Basi, kiti kikatolewa sebuleni.

Usukani wa pikapu ile niliurithi mimi tangu baba aliposhindwa. Nabeba maji, mkaa, magunia ya mihogo, watu wananiita dada dereva, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli, na wote nawajibu kwa lugha wanayoistahili. Kubadilisha tairi najua. Kusafisha plagi najua. Lakini kiti sikuwahi kukifunga, na nilidhani ni kazi ya dakika chache: unakiweka, unakaza bolti nne, unanawa mikono. Bolti zenyewe baba alizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, zimepakwa grisi na kufungwa kwenye tambara. Miaka yote ile! Mtu anatoa kiti ili abebe mawe, halafu anatunza bolti zake kama mahari ya binti. Nilipofungua kopo na kuziona zinang'aa, nililifunga haraka kabla baba hajaniona.

Fundi jirani, ambaye gereji yake inapakana na ua wetu, alikuja kutusaidia kukibeba. Alitazama sakafu ya gari, akatazama kiti, akasema tupige welding tu, hakitatoka hata dunia itetemeke. Baba alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, mgongo kwenye ukuta, jua la asubuhi linampiga miguuni. Akatikisa kichwa. Miguu ilikuwa imevimba, alitaka kiti kiteleze nyuma kwenye reli zake ili aweze kuinyoosha, na kiti kilichochomelewa hakiendi popote. Halafu akamwambia fundi, kwa maneno machache sana, kwamba atuazime vyombo vyake tu, kazi ataifanya binti.

“Mimi?” niliuliza.

Alinionyesha spana kwa kidevu.

Sasa nieleze tabia yangu, maana ndiyo iliyokuwa kazini siku ile kuliko mikono. Mimi sina subira. Mama alikuwa anasema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu. Na wiki zile nilikuwa na hasira na kila kitu: na daktari, na vumbi, na dhahabu ambayo sikuwahi kuivaa, na majirani waliokuja kumtazama baba kana kwamba wanakagua nyumba inayohamwa. Nikaingia ndani ya gari na hasira zote hizo. Nikapanga miguu ya kiti kwenye matundu, nikachukua bolti ya kwanza, nikaikaza mpaka ikasaga meno. Nikahamia ya pili, haikuingia. Tundu lilikuwa limekaa pembeni kidogo ya mguu wa kiti. Nikaisukuma, nikaipiga kwa kiganja, nikaitukana kwa Kisukuma, nikaanza kuilazimisha kwa spana.

Baba akagonga kikombe chake na kijiko. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake ya kuniita.

Aliniambia nitoe. Yote. Nianze upya. Nikamwambia ya kwanza imeshakaa vizuri, shida ni ya pili. Akasema shida ni ya kwanza. Kwa kuwa nimeikaza mpaka mwisho, kiti kimekataa kusogea, na bolti zilizobaki hazina nafasi ya kutafuta matundu yake. Ningeendelea kulazimisha ingeingia upande, meno yakaliwa, na tundu lile lisingefaa tena maisha yake yote. Hayo aliyasema kwa vipande, akipumua katikati, na mimi nimepiga magoti kwenye mlango wa gari nikisubiri kila kipande kifike. Kuisubiri sauti yake ilikuwa adhabu kuliko kazi yenyewe. Nilikuwa nataka kumwambia baba, acha, usiongee, tunza pumzi. Lakini alikuwa anaongea kwa raha. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuwa mgonjwa, alikuwa fundi.

Basi nikaanza upya, na nikafanya anavyosema. Nilisafisha matundu kwa brashi ya waya na dizeli, nikatoa mchanga wa mawe uliokuwa umegandamana humo. Nikaingiza kila bolti kwa vidole tu, bila spana, mpaka zote nne zikashika. Hapo kiti bado kinacheza, na baba alisema kiache kicheze, kinatafuta mahali pake. Halafu spana, lakini kidogo kidogo: ya mbele kushoto, kisha ya nyuma kulia, kisha ya mbele kulia, kisha ya nyuma kushoto. Nasukuma kiti nyuma kwenye reli ili nizifikie za mbele, nakivuta mbele ili nizifikie za nyuma. Narudia mzunguko, naongeza nguvu kidogo tu. Hakuna bolti inayoruhusiwa kuwahi kabla ya wenzake.

Nilifanya kosa jingine, na hili wala sikujua ni kosa kwa sababu kila gari la machimboni linalo. Nilikuwa nimekata vipande vya katambuga, zile ndala za matairi, nikavitandika chini ya miguu ya kiti ili kisipige kelele. Baba aliviona akiwa pale pale mlangoni. Sijui aliviona vipi. Akagonga kikombe.

“Toa viatu hivyo, mayu.”

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo baba alivyoniita nilipokuwa mdogo, akitaka kunionya bila kugomba. Akanieleza kwamba mpira unabonyea. Leo unaona umekaza, kumbe umekaza mpira, na kesho mpira umesinyaa na bolti imebaki inaning'inia. Chuma kikae juu ya chuma. Fundi jirani akacheka, akasema mzee, magari yote ninayoyatengeneza yana katambuga. Baba akamwambia ndiyo maana yote yanapiga kelele. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikawa kirefu, na tukaacha kazi mpaka kilipoisha. Nilimshika mgongo. Mbavu zake zilihesabika kwenye kiganja changu, na nilitamani kulia, lakini nilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko na mtu mwenye grisi hana pa kufutia machozi.

Mwisho fundi alileta spana yake ya kipimo, ile inayotoa mlio ikifika nguvu inayotakiwa. Nilipoisikia inalia mara ya kwanza niliendelea kuvuta, maana kwangu kukaza ni kukaza. Baba akainua mkono. Alisema ukikaza kwa hasira bolti inavutika, inachoka, na siku moja inakatika ndani ya tundu bila kukuaga. Ikishalia, acha. Nilimaliza zote, kila moja ikalia mara moja, na kila ilipolia baba alifumba macho kidogo kana kwamba anaonja chakula.

Tukambeba na mdogo wangu, tukamkalisha. Alikuwa mwepesi mno. Akaweka viganja pande zote mbili za kiti, akakitikisa kwa nguvu kidogo alizokuwa nazo. Hakikutikisika. Kitambaa cha maua cha mama kilikuwa bado kipo, kimepauka. Akakipapasa, akatazama mbele kupitia kioo, akasema sasa hiki ni kiti.

Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Shangazi nilimpigia simu mapema nikamwambia anakuja, amekaa kiti cha mbele, na nikamsikia anaita majirani kwa furaha. Mdogo wangu alipanda nyuma na godoro lake, maana alisema litakuwa la akiba, na mimi nikamwacha nalo. Majirani walisimama milangoni. Baba aliwapungia mkono mmoja mmoja kupitia dirishani, nao wakampungia. Hakuna aliyevua kofia.

Tulipofika Sengerema akaniambia nisimame. Niliogopa. Kumbe alitaka nikague bolti. Gari likishatembea, alisema, chuma kinakaa vizuri, lazima urudi uangalie. Watu wanaokaza mara moja na kusahau ndio wanaopata ajali. Nikashuka, nikafungua mlango wake, nikainama miguuni pake na spana pembezoni mwa barabara, malori yakipita. Nilijaribu zote. Hakuna iliyokuwa imelegea hata kidogo. Nilipoinua kichwa nilikuta ananitazama, na aliniwekea mkono kichwani, juu ya kilemba, akauacha hapo kwa muda.

“Hakichezi,” alisema.

“Hakichezi, baba.”

Nilifunga mkanda wake upya, nikausogeza usimbane kifua. Tukavuka daraja jipya. Maisha yake yote alikuwa amevuka maji yale kwa kivuko, akisubiri foleni na mawe yake au na maiti zake, na sasa tulipita juu kwa juu. Aligeuza kichwa kuliona ziwa. Aliliona. Hilo nalijua na hakuna atakayeninyang'anya.

Baada ya hapo niliongea mimi. Mimi naongea nikiendesha, kila mtu anajua. Nilimsimulia juu ya mteja anayenidai maji wakati pipa lake limetoboka. Nilimtukania bodaboda wa Misungwi. Nilimwonyesha ng'ombe wa Mabuki, nikamwambia tazama, wamenona, mvua imenyesha huku, pamba ya shangazi itakuwa imefunga. Nilimuuliza kama anaona jua kali, na alipokuwa kimya nikamshushia kizuia jua. Macho yalikuwa yamefumba nusu. Nilijua amesinzia. Kofia yake ilikuwa imekaa sawa, mabega yamenyooka, mikono juu ya mapaja. Barabara ni nzuri upande ule, na mimi nilikwenda polepole kwa ajili yake. Nikaendelea kuongea. Nilimwambia hata mambo ambayo sikuwahi kumwambia, ya ndoa yangu na jinsi ilivyoisha, na nikamwambia asante kwa kutoniuliza.

Maganzo ndipo alipokuwa anasimama siku zote kunywa chai akielekea Kishapu. Nikaegesha mbele ya kibanda kile kile, nikazima gari.

“Baba, Maganzo,” nilimwambia. “Unywe chai?”

Nilimgusa mkono, na mkono ulikuwa umepoa.

Sijui alikufa wapi. Siku hizi napita barabara ile na nazitafuta alama, nasema labda hapa, labda kabla ya mizani, labda kwenye wale ng'ombe. Kama kiti kingekuwa kinacheza, kama vile vya wengine, angeyumba. Angeniangukia begani, ningejua, ningesimama, ningemshika mkono wakati anakwenda. Lakini kiti kilikuwa kimekazwa sawasawa na mkanda ulikuwa umekazwa sawasawa, na baba alikufa amenyooka pembeni yangu huku nikimsimulia habari za mapipa. Pale Maganzo nilizichukia bolti zile kuliko kitu chochote duniani. Nilitaka kuchukua spana na kuzing'oa zote. Nililia nikiwa nimeushika usukani, nililia kwa sauti, wauza mahindi wakasogea kutazama kisha wakarudi nyuma wenyewe.

Mdogo wangu aliruka kutoka nyuma. Alimwona, akashika mlango kwa mikono miwili. Alipoweza kusema alisema tumlaze sasa, godoro lipo, godoro si lipo, ndilo lililobaki. Alikuwa anasema ovyo, hajui anachosema. Akaanza kufungua turubai. Ndivyo inavyofanywa, na hakuna ambaye angetulaumu. Aliyekufa anapanda nyuma.

“Hapana,” nilimwambia. “Atafika amekaa.”

Hakubishana. Nilivua kanga yangu ya juu, nikaipitisha kifuani mwa baba na kuizungusha nyuma ya kiti, nikafunga fundo. Wala haikuhitajika. Nilimfunga tu ili mikono yangu iwe na kazi. Nilimfumba macho vizuri, nikamrekebisha kofia. Mdogo wangu alirudi nyuma, akakaa kwenye godoro, akaegemeza kichwa chake kwenye kioo, nyuma kabisa ya kichwa cha baba, na ndivyo tulivyokwenda. Nilijaribu kumpigia shangazi. Nilitafuta jina lake kwenye simu, nikaliona, nikaitia simu mfukoni. Nilijiambia nitashuka mimi kwanza, nitamshika, nitamwambia polepole mbali na gari.

Lakini shangazi hakusubiri ndani. Alikuwa ametoka mpaka kwenye njia panda ya shamba, amevaa kitenge chake cha kanisani, na alipotuona akaanza kuja mbio mbio na uzee wake wote. Nilikuwa bado nahangaika kuzima gari. Hakuja upande wangu. Alikwenda moja kwa moja upande wa baba, akamwona kupitia kioo kilichoshushwa, amekaa wima kama nilivyomwambia kwenye simu, kofia kichwani, amefika nyumbani. Akapiga goti pale pale kwenye vumbi, kama mdogo anavyomsalimu kaka yake.

“Shikamoo, kaka,” alisema.

Akainamisha kichwa, akasubiri marahaba.